Si kila kitabu chenye picha ni kitabu cha picha

Katika mkutano wa wazazi wa darasa la awali niliohudhuria hivi karibuni, mzungumzaji aliinua karatasi ngumu yenye nyuso nane za mviringo, kila uso ukiwa umeandikiwa jina chini yake, furaha, huzuni, hasira, hofu na mengineyo, akatuhimiza kila mmoja anunue kitabu cha picha cha hisia kama kile ili mtoto ajue kujieleza. Wazazi wakaandika. Haikuwa mara yangu ya kwanza kusikia jina hilo likitumiwa hivyo, kwa kuwa nimelikuta kwenye majalada ya vitabu vya alfabeti, kwenye orodha za mahitaji ya shule na kwenye rafu za maduka, ambako kitabu chochote chenye wino wa rangi na wanyama wawili watatu huitwa kitabu cha picha. Nafanya kazi ya kuhariri vitabu vya watoto, na nimeona ni afadhali nieleze maana ya jina hili, hasa linapotajwa pamoja na neno hisia, kwa sababu jambo ambalo mtoto hulipata katika kitabu cha picha halipatikani katika karatasi ile hata kama ingekuwa na nyuso mia.

Kitabu cha picha ni kitabu kifupi, aghalabu cha kurasa 32, ambamo hadithi hubebwa na maneno na picha kwa pamoja, kiasi kwamba ukiziba picha hadithi inapungua, na ukiziba maneno inapungua vilevile. Maana yake ni hiyo tu. Kinachohitaji nafasi zaidi ni ile silabi moja, cha, ambayo watu huitamka kana kwamba ni sawa na chenye.

Anayekula wali anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Wali wa nazi ni wali uliopikwa kwa tui, nazi ikaingia katika kila punje, na hakuna mtu awezaye kuitoa nazi hiyo akabakiwa na wali uleule. Wali wenye nazi unaweza kuwa wali wowote ulionyunyiziwa machicha juu, na asiyeyapenda atayasukuma pembeni mwa sahani aendelee kula. Kitabu chenye picha ni cha namna hiyo ya pili: hadithi imeiva peke yake katika maneno, kisha mchoraji akaombwa aipambe. Sisemi kwamba ni kitabu kibaya, maana vingi vya aina hiyo vimetulea. Nakubali pia kwamba kiunganishi -a kina kazi nyingi katika lugha yetu, na kwamba kuna nyumba ambazo kitabu cha picha ni albamu ya harusi. Hata hivyo, tunapozungumzia fasihi ya watoto, cha ina kazi maalumu, nayo ni kutuambia kitabu kimeundwa kwa nini, wala si kimewekewa nini.

Neno picha lenyewe linatusaidia kuliko tunavyodhani. Limetoka katika Kiingereza, na kabla halijaenea wazee wengi walisema sanamu, neno la Kiarabu ambalo asili yake ni kitu kilichochongwa na kusimamishwa, kisichosogea. Lakini picha ilipoingia, iliingia pia na maana ya filamu: waliokwenda sinema walisema wanakwenda kutazama picha, na hawakumaanisha picha moja iliyotundikwa ukutani, walimaanisha kisa chenye mwanzo, misukosuko na mwisho. Maana hiyo ya mtaani ndiyo iliyo karibu zaidi na kitabu ninachokizungumzia. Uso mmoja uliochorwa kwenye karatasi ngumu ni sanamu. Uso wa mtoto yuleyule ukurasa wa nne, ukurasa wa tisa na ukurasa wa kumi na tano, baada ya mambo kumpata, ndio picha.

Mchoraji Mwingereza Randolph Caldecott, aliyefariki mwaka 1886 kabla hajatimiza miaka arobaini, hutajwa sana kuwa ndiye aliyeonyesha njia, na mfano wake mmoja unatosha. Kuna wimbo wa kitoto wa Kiingereza unaoishia kwa sahani kutoroka na kijiko, na hapo maneno yanakoma, kila mtu akiwa na furaha. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1882, Caldecott aliongeza picha moja baada ya maneno hayo kwisha: sahani imelala chini imevunjika vipande vipande, na kijiko kinaondolewa kwa nguvu na kisu na uma, ambao mtazamaji anatambua mara moja kuwa ni wazee wake. Hakuna neno huzuni wala neno msiba. Mtoto anayesomewa anasikia wimbo wa kuchekesha, lakini macho yake yanakuta mauti, na yeye ndiye anayelazimika kuamua ajisikieje.

Kitabu cha Maurice Sendak, Where the Wild Things Are, kilichotoka Marekani mwaka 1963 na mwaka uliofuata kikapata nishani yenye jina la Caldecott huyohuyo, kimekwenda mbali zaidi. Mtoto aitwaye Max anafanya utundu, anamjibu mama yake vibaya, anapelekwa kulala bila kula. Neno hasira halimo. Badala yake picha ya kwanza ni ndogo, imezungukwa na weupe mpana wa ukurasa, na ile inayofuata ni kubwa kidogo, na inayofuata ni kubwa zaidi, mpaka msitu unaoota chumbani unaujaza ukurasa wote, unavuka hadi ukurasa wa pili, na kwa kurasa sita zinazotazamana mbilimbili maneno yanafukuzwa kabisa. Mtu mzima aliyewahi kukasirika kweli anajua kwamba hasira hufanya hivyo: huanza mahali padogo, hupanuka, halafu kwa muda fulani hakuna neno linaloweza kuingia. Upweke unatajwa baadaye, wakati mtoto anayesikiliza ameshauona mwenyewe usoni mwa Max aliyeshika tama, na ukurasa wa mwisho hauna picha hata moja, una maneno machache tu ya kusema kwamba chakula kilikuwa bado cha moto. Mama haonekani mahali popote katika kitabu, lakini sijakutana na mtoto aliyeuliza kama mama alimsamehe.

Hapo ndipo neno hisia linapostahili kuangaliwa kwa makini. Limetokana na kuhisi, na kuhisi ni neno la mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugundua jambo kwa mwili, kwa masikio, kwa ngozi, kabla hujalithibitisha. Tunasema nilihisi kuna mtu nyuma yangu. Ndiyo maana mwalimu wa sayansi huzungumzia viungo vya hisi, na mwalimu wa malezi huzungumzia hisia, na wote wawili wamechota katika kisima kimoja. Ni jambo la kupendeza kwamba kitabu kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa vya picha kwa watoto, kilichotolewa na mwalimu Comenius mjini Nuremberg mwaka 1658, kina jina la Kilatini Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu wa vitu vinavyohisiwa, umechorwa.

Lakini ushahidi mzuri zaidi uko katika usemi wetu wa kila siku. Mswahili huona haya, huona wivu, huona uchungu. Husikia raha, husikia njaa, husikia baridi. Hushikwa na hasira na huingiwa na hofu. Hisia kwetu ni jambo linaloonwa na kusikiwa, au linalokuja kumkamata mtu. Si lebo ya kubandika chini ya uso. Anayetaka kumsaidia mtoto aelewe hisia zake hana budi kuanzia hapo, kwenye kuona, na jina lije baada ya kuona. Karatasi ya nyuso nane inageuza mpangilio huo: inampa mtoto jina kwanza, na uso usio wa mtu yeyote, ambao haukupatwa na jambo lolote lililoufanya uwe vile.

Hata majina yenyewe hayajatulia kama yanavyoonekana yakiwa yamechapwa. Neno hasira linahusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya masikitiko na majuto, si ghadhabu. Sijengi hoja kubwa juu ya asili ya neno, kwa kuwa maneno huhama na yana haki ya kuhama, lakini kila nikimwona mtoto aliyevunjiwa kigari chake akirusha mawe huku machozi yanamtoka, nashindwa kusema ni uso upi kati ya zile nane ungemfaa.

Nitasimulia jioni moja. Nilikuwa nimekaa mkekani na mpwa wangu wa miaka minne, ambaye kwao wamepata mtoto wa pili mwezi uliopita. Nilikuwa namsomea kitabu cha picha, tukafika kwenye ukurasa ambapo mama amekaa kitandani amempakata mtoto mchanga aliyefunikwa khanga, na binti mkubwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ameshika pazia. Maneno yalisema tu kwamba mdogo wake alikuwa amefika nyumbani. Nikayasoma, nikanyamaza. Mpwa wangu hakumtazama mama wala mchanga. Aliweka kidole kwenye ngumi ya yule binti, akasema, "Amelishika kwa nguvu." Nikamuuliza kwa nini. Alifikiri kidogo, akajibu, "Mikono ya mama imejaa." Tulipomaliza kitabu alirudi mwenyewe kwenye ukurasa ule, akaulaza mkono wake wote juu ya pazia. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba jambo hilo huitwa kuona wivu, na kwamba hata watu wakubwa huliona. Alilirudia neno hilo mara mbili kwa sauti ya chini, na akalibeba. Ningeanza kwa kumfundisha neno wivu, na huku kidole changu kiko juu ya uso wa binti, naamini asingeiona ngumi.

Utafiti nao unaelekea huko. Mwaka 2013 Celia Brownell wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachunguza wazazi wakiwasomea vitabu watoto wadogo sana, wengine wa miezi 18 tu. Watoto waliokuwa wepesi zaidi wa kusaidia na kugawana walikuwa wale ambao wazazi wao waliwauliza na kuwaachia nafasi wazungumze kuhusu hisia za waliochorwa. Wingi wa maneno ya hisia aliyoyatamka mzazi mwenyewe haukuwa na uhusiano huo. Ni uhusiano, si uthibitisho wa chanzo, na nausoma kwa tahadhari hiyo, lakini unakubaliana na nilichokiona mkekani.

Ndiyo maana kuna kosa moja la kihariri linaloniumiza kuliko mengine. Mfasiri anapokea hadithi ya picha, labda kutoka kwenye maktaba huria ya African Storybook, ambamo yeyote anaweza kuifasiri hadithi katika lugha yake, na anakuta sentensi iliyonyamaza: mtoto alifunga mlango. Picha inaonyesha mabega yaliyopanda na kiatu kimoja kilichoachwa njiani. Mfasiri, kwa nia njema kabisa, anaandika: mtoto alikasirika sana, akafunga mlango. Kwa neno hilo moja kitabu cha picha kimegeuka kitabu chenye picha, kwa sababu kazi iliyoachiwa macho ya mtoto imeshafanywa na mtu mzima. Tena amechagua neno la jumla wakati nyumbani tuna maneno yanayojua watoto kwa karibu zaidi. Mtoto wa Kiswahili hununa, na kununa si kukasirika, kwa kuwa aliyenuna anataka uulize. Huzira au hususa, akakataa hata wali anaoutamani, ili kukataa kwake kuonekane. Hudeka, akalia kwa jambo dogo kwa sababu anayempenda amefika. Hujawa na donge kooni, akashindwa kujibu salamu. Maneno haya karibu yote yanaeleza mwili unavyofanya, na kwa hiyo yanachorika. Hakuna hata moja kati yao nililoliona kwenye karatasi ile ngumu.

Kwa hiyo naomba tu marekebisho madogo ya jina. Ile karatasi ya nyuso ni chati ya nyuso, na mwalimu mwenye watoto arobaini ana haki ya kuitundika ukutani, kwa kuwa mtoto asiyeweza kusema anaweza kunyoosha kidole. Kitabu cha alfabeti chenye simba na tembo ni kitabu cha alfabeti chenye picha. Mwalimu akikutaka ununue kitabu cha picha cha hisia, nenda dukani, ufungue kitabu katikati, uyafunike maneno kwa kiganja, kisha umtazame aliyechorwa na ujiulize amepatwa na nini. Ukiona kuna jambo ambalo maneno yaliyo chini ya kiganja chako hayakulisema, umekipata, hata kama kwenye jalada hakuna mahali palipoandikwa hisia.