Sanaa za watu kwia na transjenda si za kushtua tu

Kuna imani ya siku nyingi kwamba kazi za sanaa za watu kwia (wanaopenda jinsia yao au wasiofuata mkondo uliozoeleka wa jinsia) na transjenda (ambao jinsia yao siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa), hasa zile kubwa unazoingia ndani au kuzikanyaga, zote ni mambo ya ngono na kushtua watu, tena ni fasheni ya juzijuzi. Naelewa inatoka wapi, maana picha zinazosambaa sana mtandaoni ndo hizo za kushtua.

Ila angalia Homomonument, mnara wa kuwakumbuka watu walioteswa kwa kupenda jinsia yao, pale Amsterdam, ipo tangu 1987, ni pembetatu 3 za mawe ya pinki, alama waliyoshonewa kwenye nguo wanaume waliopenda wanaume kwenye kambi za Wanazi, na moja inashuka kama ngazi hadi kwenye maji, watu wanakaa pale, wanaweka maua. Mwaka huohuo Washington likatandazwa blanketi la viraka 1,920 vya kuwakumbuka waliokufa kwa ukimwi, kila kiraka futi 3 kwa 6, yaani ukubwa wa kaburi, na walioshona ni wapenzi wao, marafiki, ndugu. Hiyo huwa inanigusa sana. Kwa mtu aliyezoea kutukanwa njiani, sehemu ya kukaa na kulia na wenzake bila kuogopa ni kitu kikubwa mno.

Kuhakiki si ngumu, soma kibao kilicho kando ya kazi uone mwaka na imetengenezwa kwa nini, tafuta picha za kazi nzima sio kipande kimoja kilichokatwa, na ukiweza ingia mwenyewe, kaa kidogo.