Jairo ya mwelekeo: kwa nini inapopotoka Tabora si dunia ya kulaumiwa

Ndege inayotoka Tabora kwenda Kigoma huelekea karibu magharibi kamili kwa umbali wa takriban kilomita 350, ikipita juu ya misitu ya miombo ya Urambo na Kaliua na maeneo oevu ya mto Malagarasi. Rubani akishika mwelekeo uliokosewa kwa nyuzi 10 na asiusahihishe njiani, atalifikia Ziwa Tanganyika akiwa kiasi cha kilomita 60 kutoka mji aliokusudia. Wakati wa kiangazi, moshi wa mioto ya misitu unapotanda hata reli isionekane vizuri kutoka juu, hana budi kuziamini ala zilizo mbele yake. Mojawapo ni jairo ya mwelekeo, ala ya gurudumu linalozunguka inayomwonyesha rubani pua ya ndege imeelekea wapi, ambayo sisi tunaofundisha ufundi wa ala za ndege tungependa wananchi, hasa vijana wanaotamani kazi hii, waifahamu vyema.

Karibu ndege zote zina dira ya sumaku, lakini dira hiyo hutulia tu pale ndege inaporuka ikiwa imenyooka, mbawa zikiwa sawa na kasi isiyobadilika. Mistari ya usumaku wa dunia haiko mlalo. Huku kwetu, kusini mwa ikweta ya usumaku (mahali ambapo mistari hiyo huwa mlalo), huinama kiasi cha kuuvuta chini upande wa kusini wa sindano. Kwa sababu hiyo ndege inayoruka kuelekea Kigoma ikiongeza kasi, dira huonyesha kana kwamba imeanza kugeukia kusini, na ikipunguza kasi huonyesha kaskazini, ilhali pua ya ndege haijasogea. Vitabu vingi vya urubani vimeandikwa kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia, na humo kanuni hii ni kinyume chake, jambo ambalo mwanafunzi wa Tanzania anapaswa kulielewa tangu siku ya kwanza.

Jairo haijali sumaku. Ndani yake mna gurudumu dogo zito linalozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, na kama ilivyo kwa pia ya watoto, kadiri linavyozunguka kwa kasi ndivyo mhimili wake unavyokataa kubadili uelekeo. Ndege hugeuka kulizunguka gurudumu hilo, na kadi yenye nyuzi 360 humwonyesha rubani amegeuka kiasi gani. Mfaransa Léon Foucault alikitumia kifaa cha namna hii mwaka 1852 kuonyesha kwamba dunia inazunguka; tarehe 24 Septemba 1929, huko New York, rubani Mmarekani Jimmy Doolittle aliruka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, akitegemea ala, zikiwemo za jairo zilizotengenezwa na kampuni ya Sperry.

Hata hivyo jairo haijui kaskazini ni wapi. Rubani huilinganisha na dira kabla ya kuruka, kisha huirudia kila baada ya dakika 15 hivi, ndege ikiwa imetulia, kwa kuwa kadi hupotoka polepole. Sehemu ya upotokaji huo husababishwa na mzunguko wa dunia yenyewe, nao hutegemea latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta. Kwenye ncha za dunia hufikia nyuzi 15 kwa saa, London karibu nyuzi 12, lakini Tabora na Kigoma, zilizo takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, ni nyuzi 1.3 tu. Baadhi ya jairo zina nati ya kufidia latitudo, ambayo huisukuma kadi kinyume cha upotokaji huo, na iliyorekebishwa kwa ajili ya London ikiletwa huku bila kurekebishwa upya, itapotoka kwa takriban nyuzi 13 kila saa, kwa sababu kusini mwa ikweta mzunguko wa dunia husukuma kadi kinyume na ilivyo London, hivyo fidia na mzunguko huo vitasukuma upande mmoja.

Kwa hiyo jairo isiyo na kasoro hiyo ya nati, lakini inayopotoka sana katika anga letu, inatoa taarifa juu ya hali yake ya ndani. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba upotokaji usizidi nyuzi 3 katika dakika 15. Ikizidi hapo, mara nyingi chanzo ni beringi zilizochakaa au vumbi. Jairo nyingi za ndege ndogo huzungushwa na hewa inayovutwa na pampu ya ombwe, na hewa hiyo hupita kwenye chujio. Viwanja vyenye vumbi hulijaza upesi, mvuto hupungua, na gurudumu hupoteza kasi. Kubadilisha chujio ni kazi ndogo, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kuiahirisha. Fundi mzuri pia husikiliza jairo inapozimika baada ya injini kusimama, kwani mlio wa kukwaruza humwambia mengi kabla hata hajafungua kitu.

Jairo za ndege kubwa za kisasa hazitumii tena gurudumu bali mwanga wa leza, nazo huitafuta kaskazini zenyewe kwa kuupima mzunguko wa dunia. Ndege ndogo nyingi bado zina gurudumu. Marubani wake tunawashauri waandike kila safari kiasi cha upotokaji na upande wake, maana kusini mwa ikweta mzunguko wa dunia huzifanya namba za kadi ziongezeke. Zikipungua, chanzo si dunia bali jairo yenyewe, na upotokaji ukizidi kipimo kile cha nyuzi 3 katika dakika 15, ipelekwe kwa fundi.