Dhana potofu kuhusu wanafunzi na utafiti wa mazingira, Arusha na Moshi

Shule nyingi za Arusha na Moshi zina klabu ya mazingira, na kazi zake tunazijua: kuzoa taka, kupanda miti, maandamano ya Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni. Zote ni kazi njema. Lakini siku hizi tunawaomba wanafunzi zaidi ya hapo. Tunawaambia wachague tatizo la mtaani kwao, walipime, kisha wapange cha kufanya. Hapo ndipo wanapokutana na imani ambazo sote tumekua nazo, na mpango uliojengwa juu ya imani isiyo sahihi unamaliza nguvu za watoto bure.

"Meno ya kahawia ni ya mtu asiyepiga mswaki"

Naanza na hii kwa sababu inaumiza watu. Kuzunguka Mlima Meru, toka Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, watoto wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno, na wakienda kusoma mikoa mingine wanachekwa. Kinachosababisha ni floraidi iliyomo kwenye maji. Miamba na majivu ya volkano ya Meru yana madini hayo kwa wingi, na maji yanayopita humo ardhini huyabeba. Jino linadhurika wakati bado linaundwa ndani ya fizi, katika miaka kama minane ya kwanza ya mtoto. Ndiyo maana mtu mzima aliyehamia Arusha jana meno yake hayabadiliki rangi, na mtoto wa Ngarenanyuki anaweza kupiga mswaki asubuhi na jioni na madoa yakabaki palepale. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia mpaka kwenye mifupa.

Nyuma ya dhana hiyo kuna nyingine, kwamba maji yakichemshwa yamepona. Kuchemsha kunaua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo tuendelee kuchemsha. Floraidi lakini haiondoki na mvuke. Maji yakipungua kwenye sufuria, yale yaliyobaki yana floraidi nyingi zaidi kwa kila lita kuliko yalivyokuwa kwenye ndoo. Na macho hayasaidii hapa, kwa kuwa maji yanaweza kuwa maangavu kabisa, bila harufu, na bado yakawa mabaya. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwenye baadhi ya vyanzo vya upande wa Meru imepimwa zaidi ya 10. Jikoni nako kuna magadi tunayolainishia maharage na makande, ambayo nayo huwa na floraidi nyingi. Mwanafunzi anayechunguza maji peke yake bila kuuliza mama anapikia nini ameacha sehemu ya jibu.

Sasa afanye nini? Kwanza aorodheshe vyanzo vyote ambavyo shule na nyumba za jirani huchota: bomba, kisima, kijito, mvua. Sampuli ichukuliwe kwa chupa ya plastiki, si ya kioo, isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale yanayopimwa, iandikwe chanzo, tarehe na saa. Mwalimu anaweza kuomba msaada wa maabara ya mamlaka ya maji au Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Jambo moja la adabu: tusiwapange watoto foleni na kuwafunua midomo ili tuhesabu meno mabovu. Tupime maji, tusiwaaibishe watu.

Hesabu ya suluhisho nayo iko ndani ya uwezo wa kidato cha kwanza. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Darasa lenye paa la mita 20 kwa 8 likipata mvua ya milimita 10 jioni moja, ni lita 1,600, ukitoa kidogo kinachomwagika na yale maji ya mwanzo yanayoosha vumbi. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Kamati ya shule ikiwekewa hesabu hiyo mezani, gata na tangi vinaanza kuwa jambo la bajeti, si la kuomba huruma. Njia nyingine ni mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi: mifupa ikichomwa ipasavyo inanasa floraidi. Ila mkaa huo hujaa na lazima ubadilishwe. Mpango usiosema nani ataubadilisha, lini, na kwa fedha gani, haujaisha.

"Theluji ya Kilimanjaro ikiisha, mito ya Moshi itakauka"

Huu ndio mwanzo wa insha nyingi za wanafunzi wa Moshi, na naelewa kwa nini. Ukitoka nje asubuhi, Kibo iko pale, nyeupe, na mito inashuka kutoka upande huohuo. Ni kweli barafu imepungua vibaya: kati ya 1912 na 2011 eneo lake lilipungua kwa takribani asilimia 85. Ni hasara, na inatuhuzunisha wote. Lakini barafu ile huchangia mito kidogo sana, na sehemu yake kubwa hupotea hewani kama mvuke bila hata kuwa maji kwanza.

Maji tunayokunywa Moshi yanatoka msituni. Upande wa kusini wa mlima, kwenye mwinuko wa kama mita 2,200, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Moshi mjini haifikii nusu ya hiyo. Ukungu nao unakamatwa na majani, kuvumwani na matawi, unadondoka, unazama ardhini, na unatokea chini kama chemchemi. Mifongo ya Wachagga, ambayo wazee waliichimba kwa mkono kushusha maji hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, inategemea msitu huo.

Tofauti hii inabadilisha kila kitu kwenye mpango. Mwanafunzi anayeamini maji ni ya theluji atabaki kuitazama Kibo akisikitika, maana hakuna mwanafunzi awezaye kuirudisha barafu. Akijua ni ya msitu, ana kazi kesho asubuhi: kuni za jikoni kwao zinatoka wapi, mfongo wa kijiji unavuja wapi, nani amelima hadi kingo za chemchemi. Shule mbili, moja ya Kibosho juu mlimani na nyingine ya Kahe chini tambarare, zinaweza kutengeneza vipimamvua kwa chupa zilizokatwa, zikasoma kila siku saa tatu asubuhi na kubadilishana takwimu. Baada ya masika moja watakuwa wameuona mlima unavyogawa mvua, kwa daftari zao wenyewe.

"Mti wowote, popote, ni faida"

Si kweli, na nasema hivi nikijua tunavyopenda picha za siku ya kupanda miti. Mkaratusi hukua upesi na unatoa nguzo nzuri, lakini hunywa maji mengi. Kuupanda juu ya chemchemi ni kuiumiza. Penye maji panda mkuyu au msesewe, shambani mringaringa, na uwaulize wazee wa hapo ni miti gani ilikuwepo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru chanzo cha maji ndani ya mita 60. Kamba ya mita 60 ni kifaa cha utafiti pia. Na idadi ya kuripoti ni ya miche iliyo hai baada ya kiangazi, si ile iliyotoka kitaluni.

"Bila maabara hakuna utafiti"

Beseni jeupe linatosha kuanzia. Nenda mto Themi au Naura kabla haujaingia mjini, geuza jiwe la majini, lisuuze ndani ya beseni. Utaona vidudu bapa vyenye mikia mitatu myembamba vikikimbilia kivulini. Hivyo vinahitaji maji yenye oksijeni ya kutosha. Kisha rudia chini ya mji. Ukikuta funza wembamba wekundu wamejikunja kwenye tope na hakuna mdudu mwingine, umepata jibu: wekundu wao ni himoglobini, nayo inawawezesha kuishi mahali penye oksijeni kidogo. Vaa buti na glavu, maana kuna kichocho na maji taka, na masika usishuke korongoni hata kama juu yako hakuna wingu. Mvua ya Meru hufika bila kubisha hodi.

Taka nazo zichambuliwe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, kwa hiyo ukihesabu aina kwa aina utajua kilichobaki ni nini na kinatoka duka gani.

"Watoto hawasikilizwi, na haya mambo yametoka nje"

Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa mazingira ulioenea duniani, ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991, Jane Goodall akiwa na wanafunzi 12. Na sheria ile ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, bila kutaja umri.

Kinachofanya wasisikilizwe mara nyingi ni kupeleka lalamiko kwa mtu asiyehusika. Bomba ni la mamlaka ya maji. Mto ni wa Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na makao yake yako Moshi. Taka za mtaa ni za mwenyekiti na mtendaji. Waende wawili au watatu na mwalimu wao, waamkie, watoe karatasi moja yenye ramani, vipimo na ombi moja tu, na waulize warudi lini kupata jibu. Nakala ya daftari ibaki kwenye kabati la klabu, ili wanaoingia mwakani wapime mahali palepale, mwezi uleule.