Ini linavumilia baridi, mirija ya nyongo ndo inayotunyima usingizi

Watu wakisikia nafanya kazi na mashine za kutunza ini kabla ya upandikizaji huku Uholanzi, swali ni lilelile, ini likitoka mwilini si linakufa? Jamani ini ni gumu, ukiliweka kwenye baridi ya nyuzi 4 linavumilia masaa kadhaa. Isiyovumilia ni mirija ya nyongo iliyomo ndani yake.

Iko hivi, seli za ini zinapata damu njia mbili, mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo, na pia ateri, yaani mshipa unaoleta damu yenye oksijeni kutoka moyoni, moja ikizingua nyingine inasaidia. Mirija ya nyongo inategemea ateri tu, kupitia vimishipa vyembamba vinavyoizunguka kama wavu. Sasa kama aliyetoa ini moyo wake ulishasimama kabla ya viungo kutolewa, mirija inakuwa imekosa oksijeni hata kabla ya barafu. Unapandikiza, ini linafanya kazi vizuri, mgonjwa anaenda nyumbani na familia imefurahi, alafu baada ya miezi kadhaa anarudi macho ya njano, mwili unamuwasha usiku kucha, homa haziishi, ukipiga picha unakuta mirija ina makovu na imebana huku na kule. Hapo mambo yametumbukia nyongo kweli. Kuna wanaosaidika na stenti, yaani kijibomba cha kuupanua mrija, wengine wanarudi kwenye foleni ya ini la pili, na hicho ndo kitu kinaniuma kuliko vyote kwenye kazi hii.

Nyongo yenyewe nayo ni adui. Aliyewahi kupasua kuku anajua kile kifuko kikitoboka maini yote machungu. Nyongo inayeyusha mafuta kama sabuni, na utando wa seli nao ni mafuta, sema mrija ulio hai huwa unatoa baikaboneti, kemikali ya kupunguza asidi, ili kujikinga, kwenye baridi hauna nguvu ya kufanya hivo, kwahiyo nyongo ikibaki humo inakula mrija taratibu. Ndo maana wakati wa kutoa ini lazima mirija isafishwe, unasukuma maji kwa bomba la sindano polepole bila presha, kwanza inatoka kijani nzito inayovutika kama mlenda, alafu njano, alafu maji meupe, na usiishie kwenye njano! Na ile nyamanyama laini inayozunguka mrija usiikwangue, vimishipa vinapita humohumo.

Baada ya hapo ni oksijeni. Mwaka 2021 timu ya Groningen, mji wa hukuhuku Uholanzi, ilitoa majibu ya utafiti wa wagonjwa 156, wote walipewa maini ya watu ambao moyo ulisimama, kundi moja maini yalikaa kwenye baridi tu kama kawaida, lingine yakawekwa kwenye mashine angalau masaa 2, inapitisha maji baridi ya nyuzi kama 10 yenye oksijeni nyingi. Ndani ya miezi 6 mirija ilibana na kuleta dalili kwa asilimia 18 ya kundi la kwanza, kundi la mashine asilimia 6. Mitokondria, yaani vijiinjini vya nishati ndani ya seli, inarudishiwa chaji ikiwa bado kwenye baridi, damu ya moto ikija haizikuti seli zimeishiwa.

Ini likiwa na mashaka tunalipasha mpaka nyuzi 37 tuone nyongo inavyodondoka kwenye kamrija. Wengi wanaangalia imetoka kiasi gani, mi naangalia pH kwanza, kile kipimo cha asidi ambacho kikipanda asidi imepungua, kwasababu ini linaweza kutoa nyongo nyingi na mirija imeshakufa. Mirija hai inaongeza baikaboneti na kunyonya sukari, kwahiyo tunataka pH ipite 7.45 na sukari iwe chini kuliko kwenye maji ya mashine. Na sampuli ifunikwe na mafuta ya madini palepale inapotoka, ikikaa wazi kaboni dayoksaidi inatoroka, pH inapanda ya uongo, na unaweza ukampandikizia mtu ini ambalo ungelikataa.