Eurobond ya 2014 Haikulipwa, Ilisogezwa Mbele

Tarehe 24 Juni 2024, Eurobond ya dola bilioni 2, yaani hatifungani (hati ya mkopo) ambayo Kenya iliwauzia wawekezaji wa kimataifa mwaka 2014, ilitimiza miaka yake kumi, na walioishika wakapata pesa zao. Wakubwa serikalini wakatangaza kwamba nchi imevuka. Kuvuka ilivuka. Ila ukizikagua hesabu, sehemu kubwa ya deni lile haikulipwa. Ilisogezwa mbele kwa bei ghali kuliko ya kwanza, na mwananchi hakuonyeshwa bei hiyo.

Tuanze na mkopo wa zamani. Riba yake ilikuwa asilimia 6.875 kwa mwaka, yaani dola milioni 137.5 kila mwaka kwa bilioni zile 2. Mtaji wenyewe, yaani zile bilioni 2 zilizokopwa, haukuguswa kwa karibu miaka yote kumi. Hatifungani ya namna hii hulipiwa riba tu njiani, kisha mtaji mzima hudaiwa siku moja. Kwa hiyo serikali inaweza kukaa miaka tisa ikijiona salama, na mwaka wa kumi ikajikuta inatafuta mabilioni ya dola katika soko ambalo huenda halitaki kumkopesha mtu.

Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2023. Zambia ilikuwa imeshindwa kulipa tangu Novemba 2020, Ghana ikasitisha malipo Desemba 2022, na Ethiopia ikakosa kulipa riba ya dola milioni 33 Desemba 2023. Wawekezaji wakawa wanauliza nani anafuata. Shilingi ya Kenya iliteremka hadi kama 160 kwa dola Januari 2024. Sababu zilikuwa nyingi, lakini hofu ya Juni ilikuwa miongoni mwa kubwa: mwenye dola alizikalia, na mwagizaji bidhaa akazinunua kabla hajazihitaji.

Februari 2024 Kenya ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5, na takriban bilioni 1.44 zikatumika kununua mapema sehemu ya ile ya 2014. Salio, zaidi kidogo ya nusu bilioni, lililipwa Juni. Riba iliyoandikwa kwenye hati mpya ni asilimia 9.75, lakini mnunuzi anapata asilimia 10.375, kwa sababu aliuziwa kila hati ya dola 100 kwa bei iliyo chini ya 100. Vyombo vya habari huzichanganya tarakimu hizi mbili kila mara. Ya kwanza ndiyo inayotoka kwenye bajeti mwaka hadi mwaka. Ya pili ndiyo gharama halisi ya kukopa, na ndiyo ya kutumia ukitaka kulinganisha mkopo mmoja na mwingine.

Asilimia 9.75 ya bilioni 1.5 ni dola milioni 146.25 kwa mwaka. Yaani riba ya bilioni 1.5 imezidi riba ya bilioni 2! Ni sawa na kulipa Fuliza, mkopo wa M-Pesa, kwa mkopo wa programu nyingine ya simu: ujumbe wa kwanza unakupongeza, wa pili unakutajia tarehe mpya.

Serikali itajibu kwamba riba ilipanda dunia nzima, na kweli ilipanda. Benki Kuu ya Marekani iliipandisha kutoka karibu sifuri mapema 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 kufikia Julai 2023. Lakini Ivory Coast iliingia soko hilohilo Januari 2024, mwezi mmoja kabla ya Kenya, ikakopa kwa gharama isiyozidi asilimia 8.5. Pengo la karibu asilimia 2 juu ya bilioni 1.5 ni kama dola milioni 30 kila mwaka. Hiyo ndiyo bei ya kumwingiza mkopeshaji wasiwasi hadi miezi minne ya mwisho.

Je, afadhali Kenya ingekataa kulipa? Hapana. Zambia ilisubiri zaidi ya miaka mitatu na nusu ndipo ikakamilisha makubaliano na wenye hatifungani wake, na ndani ya muda huo mikopo hukauka. Kununua muda ulikuwa uamuzi wa busara. Kuuita kulipa deni ndiko ninakokupinga.

Kuna ujanja mwingine wa hesabu. Baada ya mauzo yale shilingi ilipanda hadi karibu 130 kwa dola. Kila deni la dola bilioni 1 likashuka kwenye vitabu kutoka shilingi bilioni 160 hadi 130 bila senti kulipwa, na wanasiasa wakasema deni limepungua. Nguvu hiyo ya shilingi nayo ilinunuliwa: Februari hiyohiyo serikali iliuza hatifungani ya miundombinu hapa nyumbani kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi, na dola za wageni zikaingia kuifuata. Riba hiyo inalipwa na mlipa kodi wa Kenya.

Ndiyo maana Mswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza kodi mpya, ulilenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346 zaidi. Waandamanaji walioupinga waliingia Bungeni tarehe 25 Juni, siku moja tu baada ya hatifungani ya 2014 kuiva. Mswada ukaondolewa, na tarehe 8 Julai Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaishusha Kenya daraja kutoka B3 hadi Caa1, jambo linalofanya mkopo unaofuata uwe mgumu zaidi.

Mkopo uliofuata ulikuja Februari 2025: dola bilioni 1.5 tena, riba asilimia 9.5, kwa ajili ya kununua mapema hatifungani ya dola milioni 900 iliyokuwa iishe 2027, yenye riba ya asilimia 7. Zilizonunuliwa hazikufika milioni 600. Katika tangazo kama hili, tarakimu ya kuitafuta kwanza ni hiyo tofauti ya zaidi ya milioni 900: imeenda kulipa mkopo gani mwingine, au imeingia kwenye matumizi ya kawaida? Kisha tafuta ratiba ya mtaji. Ile ya Februari 2024 haidai mtaji wote siku moja. Inalipwa kwa mafungu matatu ya dola milioni 500, mwaka 2029, 2030 na 2031. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, kwa hiyo mafungu yote matatu yataiangukia serikali itakayochaguliwa hapo.