Je, wajua kwa nini wanafunzi wa tamthilia ya muziki hupuliza mapovu kwa mrija?

Tazama video za wanafunzi wanaosomea tamthilia ya muziki katika vyuo vikuu vya Marekani au Uingereza, yaani maigizo ya jukwaani ambamo wahusika huzungumza, huimba na kucheza katika hadithi moja. Haitapita muda utamwona mmoja wao amekaa pembeni ya ukumbi wa mazoezi, chupa ya maji iliyojaa nusu mkononi, mrija mdomoni, na maji yanatokota mapovu. Hanywi. Anafanya hivyo dakika tatu au tano, kisha anaweka chupa chini na kwenda kuimba.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba anafanyia mapafu mazoezi. Nimekulia kwenye kwaya, na kwetu sauti ikififia tuliambiwa neno moja tu: "Toeni pumzi!" Nikajiwekea hesabu yangu: pumzi nyingi, sauti kubwa, mapafu yenye nguvu, mwimbaji hodari. Hesabu hiyo si sahihi, na inafaa tuibomoe bila haraka, kwa sababu karibu kila niliyemuuliza kuhusu mrija alinijibu kwa hesabu hiyohiyo.

Jaribu hivi. Vuta pumzi ya kawaida, angalia saa, useme "aaa" kwa sauti ya wastani mpaka pumzi iishe. Pumzika kidogo. Vuta pumzi kama ileile, sasa useme "aaa" kwa kunong'ona. Kwa watu wengi mnong'ono ndio huisha mapema, ingawa ndio hausikiki hata chumba cha pili. Ingekuwa sauti kubwa ni hewa nyingi, matokeo yangekuwa kinyume chake.

Ukweli ni kwamba sauti ya mwimbaji hutokana na hewa inayokatwakatwa. Ndani ya kongomeo, lile fundo linalopanda na kushuka shingoni unapomeza, zimo nyuzi mbili za sauti. Jina hilo nalo limenipotosha sana, maana nilikuwa nikizifikiria kama nyuzi za gitaa zilizovutwa kooni. Kumbe ni mikunjo miwili ya nyama laini iliyolazwa kando kwa kando, kila mmoja una urefu wa takriban sentimita 1 hadi 2.5 kwa mtu mzima. Hewa ya mapafu inapopita katikati, mikunjo hiyo hufunguka na kufunga, tena na tena. Ukiimba ile "la" iliyo juu ya "do" ya katikati ya piano, hufanya hivyo mara 440 kwa sekunde. Kila inapofunga, mkondo wa hewa hukatwa ghafla, na mikato hiyo ndiyo chanzo cha sauti tunayoisikia. Kwenye mnong'ono haikutani sawasawa. Hewa inavuja bure, ndiyo maana inaisha upesi.

Wa kwanza kueleza vizuri alivyoziona nyuzi hizo zikifanya kazi hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García, ambaye mwaka 1854 alijiingizia kooni kioo kidogo cha daktari wa meno, akamulika kwa mwanga wa jua na kujitazama kwa kioo cha pili.

Na kwa kuwa tumefika kooni, tuondoe na kosa jingine tulilofundishana kwaya nzima: yai bichi, tangawizi na asali havifiki kwenye nyuzi za sauti. Unapomeza, njia ya hewa hujifunga. Kinachomezwa hupita nyuma, kwenye njia ya chakula. Kama kingegusa nyuzi zenyewe ungepaliwa. Asali inaweza kutuliza koo linalowasha, na kunywa maji ya kutosha siku nzima kunasaidia mwili kuzilainisha nyuzi kutokea ndani, lakini hakuna kinywaji kinachozipaka mafuta.

Sasa angalia mzigo wenyewe. Mtu anayetoa sauti ya mitetemo 200 kwa sekunde kwa saa nzima bila kunyamaza, nyuzi zake zimegongana mara 720,000. Hakuna anayeimba hivyo mfululizo, lakini ratiba ya kawaida ya Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho wa New York, ni maonyesho 8 kwa wiki. Mwimbaji mkuu wa opera kwa kawaida hupewa siku za kupumzika kati ya onyesho na onyesho. Huyu wa tamthilia ya muziki anaimba, anapaza sauti ya mazungumzo na kucheza dansi, na kesho anarudia. Chuoni hali haina nafuu kubwa. Chuo Kikuu cha Cincinnati, kilichokuwa miongoni mwa vya mwanzo Marekani kutoa shahada ya fani hii mwishoni mwa miaka ya 1960, na vingine vilivyofuata, huwalea wanafunzi kwa mambo matatu pamoja: uimbaji, uigizaji na dansi. Nyuzi zikigongana kwa nguvu kupita kiasi zinavimba, sauti inakauka, na ikiendelea hivyo vinaweza kuota vinundu.

Hapo ndipo mrija unapoingia. Jambo nililolikosa kabisa kwenye zile video ni kwamba mwanafunzi hapulizi tu. Anaimba ndani ya mrija. Ukiondoa sauti, yanabaki mapovu matupu.

Fikiria mlango wa chumba siku ya upepo. Madirisha yakiwa wazi, mlango unabamizwa mpaka ukuta unatikisika. Funga madirisha, kisha usukume mlango huohuo kwa nguvu ileile: karibu na kufunga unapunguza mwendo wenyewe, kwa sababu hewa ya chumbani haina pa kutokea haraka, inakuwa kama mto. Mdomo uliofunguliwa wazi ni chumba chenye madirisha wazi. Mrija mwembamba ni madirisha yaliyofungwa, ukabaki upenyo mdogo tu. Hewa inarundikana juu ya nyuzi, inazisukuma zitengane kidogo, nazo zinakutana kwa upole badala ya kubamizana.

Maji yanaongeza msukumo huo, tena kwa kipimo unachoweza kukiona kwa macho. Ili povu litoke, hewa lazima ishinde uzito wa maji yaliyo juu ya ncha ya mrija. Mrija ukizama sentimita 5, unahitaji shinikizo la sentimita 5 za maji, na mazungumzo ya kawaida hutumia kama 5 hadi 10 tu kutoka mapafuni. Kwa hiyo kina kidogo kinatosha kubadilisha hali kooni. Kadiri unavyozamisha mrija ndivyo kazi inavyozidi, ndiyo sababu anayeanza huambiwa azamishe sentimita 1 au 2.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Hewa iliyo ndani ya mrija ina uzito. Ni mdogo, lakini upo, na ndani ya mrija mwembamba unahesabika. Mfikirie msukuma mkokoteni wa madumu ya maji. Anapoanza, mkokoteni unamgomea. Anapotaka kusimama, unaendelea kwenda. Safu ya hewa juu ya nyuzi hufanya vivyo hivyo. Nyuzi zinapofunguka, safu inachelewa kuondoka, hewa inabanana na kuzisukuma zifunguke zaidi. Zinapoanza kufunga, safu bado inakwenda mbele, inaacha upungufu nyuma yake, na upungufu huo unazivuta zikutane. Kila mzunguko nyuzi zinasaidiwa kwa wakati unaofaa, kama anayesukumwa kwenye bembea. Matokeo yake ni kwamba zinatetemeka vizuri kwa nguvu ndogo ya mapafu. Mazoezi niliyodhani ni ya kuongeza pumzi kumbe yanamfundisha mwimbaji kuitumia kidogo!

Mbinu yenyewe haikuzaliwa Broadway. Nchini Finland, tangu miaka ya 1960, Antti Sovijärvi aliwatumia watu wenye matatizo ya sauti mirija ya kioo iliyochovywa kwenye maji. Huko Marekani mwanasayansi wa sauti Ingo Titze ndiye aliyeeleza kwa kina fizikia ya mrija, akaufanya uzoeleke kwa waimbaji.

Hata hivyo tusiupe mrija sifa zisizo zake. Fizikia yake ni imara. Manufaa yake kwa mwimbaji yamepimwa zaidi kwa watu wachache, na mara nyingi dakika chache tu baada ya zoezi. Kwa hiyo kusema sauti inakuwa nyepesi na rahisi muda mfupi baadaye kuna msingi. Kusema mrija huponya vinundu peke yake hakuna. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki mbili au tatu ni ya kupeleka kwa daktari wa koo.

Pia mrija si wa lazima. Chochote kinachobana njia ya hewa mbele, huku sauti ikiendelea, kinafanya kazi ya jamii hiyohiyo. "Uuu" ya midomo iliyobanwa ni mojawapo, na "mmm" ndefu, ile "m" ya "mtu" na "mto" ukiishikilia kabla ya kumaliza neno. Walimu wa sauti hupenda sana kutetemesha midomo huku sauti ikipanda na kushuka: "brrrr". Ni mlio uleule wa mtoto anayekimbiza gari lake la waya uwanjani, anapanda nalo kilima, anabadilisha gia, na jioni sauti yake bado ni nzima.