Mama anavuna, namba ya chama ni ya baba: namna mwanamke anavyoweza kufika kwenye bodi ya AMCOS

Kwenye vihamba, mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vya Kibosho, Uru na Marangu mkoani Kilimanjaro, akina mama ndio wanaobeba kazi kubwa ya kuchuma kahawa nyekundu, kuimenya, kuiloweka, kuiosha na kuianika kichanjani. Mzigo ukifika kwenye mizani ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima kinachouza mazao yao, karani anaandika namba ya uanachama ya baba. Uongozi wa mwanamke unakwamia hapo hapo. Asiye mwanachama hapigi kura kwenye mkutano mkuu wala hagombei bodi, hata awe anaijua kahawa kuliko wote waliokaa meza kuu.

Wengi hukurupuka uchaguzi ukikaribia. Wamechelewa. Nenda ofisi ya chama msimu mmoja au miwili kabla, uombe kusoma masharti ya chama. Tafuta kifungu cha sifa za mwanachama: kinadai umiliki wa shamba, au kinadai uwe mzalishaji wa kahawa? Kila kitu kinategemea jibu hilo, maana kihamba kwa desturi hurithiwa na watoto wa kiume.

Kikidai uzalishaji, kaeni nyumbani mkubaliane kipande chenye mibuni kitakachokuwa chako, na kahawa yake ipimwe kwa jina lako. Andika barua ya maombi, lipa kiingilio na hisa, dai stakabadhi. Kikidai umiliki, hoja ya kubadili masharti ipelekwe mkutano mkuu. Hata ikipita, haitumiki mpaka Mrajis wa Vyama vya Ushirika asajili mabadiliko hayo, na hilo huchukua muda. Akitokea wa kusema mke hana mali yake, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mwanamke aliyeolewa kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe.

Ukishapata namba, peleka kahawa kila msimu na utunze stakabadhi zote. Uanachama uliolala ni sababu rahisi ya kukuengua.

Mkutanoni, jifunze kusoma hesabu. Linganisha kilo zilizopokelewa kwa wanachama na kilo zilizouzwa, kisha uliza makato ya kila kilo yamekwenda wapi. Mwanamke anayeuliza swali hilo kwa tarakimu mkononi hukumbukwa siku ya kura. Uliza pia saa ya mkutano. Mkutano wa saa kumi jioni unawakuta akina mama wakikata majani ya ng'ombe na kukamua. Ombeni saa nne asubuhi, siku isiyo ya soko.

Ukichaguliwa, usikubali kupangiwa chai na mapokezi. Omba kazi inayogusa fedha au mauzo, na hakikisha hoja zako zinaandikwa kwenye muhtasari.

Barua ya uanachama ikikaa bila jibu, andika ya pili, nakala kwa ofisa ushirika wa wilaya, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.